Nanyonyoa nyusi bila kutaka: je, nimo kwenye laana?

SWALI: Shekhe, assalaam alaykum. Nina miaka 22, naishi Tanga. Tangu darasa la sita mkono hunipanda usoni wenyewe, hasa nikiwa nasoma. Nanyonyoa nyusi unywele mmoja mmoja mpaka panabaki peupe. Nikimaliza nalia, kisha najichora kwa wanja. Mara nyingine nakuta vinywele vimetua juu ya msahafu. Darsani tulisomewa hadithi ya kulaaniwa wanaonyonyoa nyusi, na tangu siku hiyo sina amani. Bibi anasema nina jini. Swala zangu zina hukumu gani? Tena inshaallah nategemea kwenda umra na mama.

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah, binti yangu.

Hadithi uliyosomewa ni sahihi. Wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud, Allah amridhie. Lakini isome mpaka mwisho. Baada ya wanaonyonyoa nyusi wametajwa wanaojitia mwanya menoni "kwa ajili ya uzuri". Kwa neno hilo Imamu Nawawi akaonyesha kwamba kilichoharamishwa ni kile kinachofanywa kwa kutafuta uzuri; mwenye haja ya tiba au mwenye kasoro hana ubaya. Sasa jitazame wewe: anayetafuta uzuri hamalizi kwa kilio, wala hajichori upya kwa wanja kile alichokitoa kwa mkono wake. Mimi sioni kuwa wewe ndiye uliyekusudiwa na laana ile. Itoe moyoni.

Ulilonalo ni maradhi yanayojulikana. Daktari Mfaransa Hallopeau aliyapa jina mwaka 1889, trikotilomania, na mara nyingi huanza karibu na kubaleghe, umri ule ule ulioutaja. Ukienda hospitali, daktari ataanza kwa kuhakikisha si mapunye wala ugonjwa wa ngozi unaopukutisha nywele. Kisha atakuuliza: umejaribu kuacha mara ngapi ukashindwa? Kabla ya kunyonyoa unasikia moyo umebanwa, na baada yake kama umetua mzigo? Au mkono huenda bila wewe kujua? Atakuuliza pia kama unazimeza. Hapo usione haya hata kidogo, mwambie ukweli, maana nywele zikimezwa hufanya donge tumboni, na donge hilo huweza kuhitaji upasuaji.

Ila usije ukasema "kalamu imeondolewa kwangu", yaani siandikiwi dhambi. Kalamu iliondolewa kwa aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Wewe akili unayo. Mkono ukienda bila wewe kujua, hapo huna dhambi. Ukizinduka, jitahidi kuurudisha kadiri ya uwezo wako, na tiba uitafute. Mabedui walipomuuliza Mtume ﷺ kama wajitibu, aliwaambia wajitibu, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee.

Tiba yenyewe aghalabu si vidonge. Tangu 1973 kuna njia ya kumfundisha mgonjwa kuikamata ile dakika mkono unapoanza kupanda, akaupa kazi nyingine: kukunja ngumi, au kushika kitu. Wewe shika tasbihi kila unapofungua kitabu. Itachukua muda, wala usihesabu siku uliyoteleza kuwa umerudi mwanzo.

Kuhusu swala: kung'oka unywele hakutengui udhu, na pale palipobaki peupe utaosha ngozi. Ndani ya swala, kwa madhehebu yetu ya Shafii, harakati tatu kubwa mfululizo hubatilisha, lakini kuchezesha vidole tu kiganja kikiwa kimetulia hakudhuru. Na wanazuoni wamemsamehe mwenye upele asiyeweza kuvumilia bila kujikuna. Mkono ukikushinda kweli, mimi nakupima kwa huyo. Usirudie swala zako kwa wasiwasi.

Kwenye ihramu, yaani hali anayokuwa nayo mwenye hija au umra, mambo ni mazito kidogo, maana humo kutoa nywele kumekatazwa. Ka'b bin Ujra alikuwa Hudaybiya, chawa wakimdondoka usoni. Mtume ﷺ alimruhusu anyoe, na akamwamuru atoe fidia. Udhuru uliondoa dhambi, fidia ikabaki. Unywele mmoja ni kibaba cha chakula, miwili vibaba viwili, mitatu na zaidi kwa mkupuo mmoja ni fidia kamili: kuchinja mbuzi au kondoo, au kulisha maskini sita nusu pishi kila mmoja, au kufunga siku tatu. Kwa hiyo anza matibabu kabla ya safari, na mama mwambie mapema, awe anakugusa bega akiuona mkono unapanda.

Bibi usimkatalie kisomo. Akusomee Ayatul Kursiyyu na Mu'awwidhatayni (sura za Falaq na Nas), ni kheri tupu. Akitaka kukupeleka kwa mganga wa kupandisha majini na kukuchapa fimbo, mwambie kwa adabu kwamba shekhe amekataza, na kwamba siku hiyo hiyo mnakwenda wote kwa daktari wa afya ya akili hospitali ya mkoa.

Wallahu a'lam.