Kabla hujafunga spika, soma mgongo wa amplifaya

Fundi, shikamoo. Nimepata amplifaya ya chaneli 5 iliyotumika, na nina spika mbili kubwa za redio ya zamani, omu 8 (kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme). Zitafaa? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Zitafaa, tena zitavishinda vispika vya plastiki vinavyouzwa pamoja na seti. Zifunge mbele, kushoto na kulia, kisha ingia kwenye menyu uiambie amplifaya kwamba spika za katikati na za nyuma hazipo. Usipofanya hivyo, maneno ya filamu yatapelekwa kwenye spika ya katikati ambayo huna, nawe utabaki kusikia muziki na vishindo tu.

Nina spika nne za omu 4. Nimefunga mbili mbili kwenye tundu la kushoto na la kulia. Baada ya nyimbo mbili amplifaya inajizima. Ni fyuzi? (Tanga)

Si fyuzi. Swali hili nimelijibu mara nyingi na bado linakuja, kwa sababu watu hawageuzi amplifaya wakasoma maandishi ya nyuma. Ukifunga spika mbili za omu 4 sambamba, amplifaya inaona omu 2. Nyingi za nyumbani zimeandikwa omu 6 hadi 8. Unailazimisha kutoa mkondo mkubwa kuliko uwezo wake, inapata moto, inajizima ili isife.

Kama nyuma pameandikwa omu 4, ipe kila spika chaneli yake: mbili mbele, mbili nyuma, kisha chagua mpangilio wa stirio kwa chaneli zote. Kama pameandikwa 6 au 8, funga mbili kwa mfululizo: chanya ya amplifaya iende chanya ya spika ya kwanza, hasi ya spika hiyo iende chanya ya pili, na hasi ya pili irudi kwenye hasi ya amplifaya. Hapo unapata omu 8 kila upande.

Na fundi akikuambia anaweza kuikata sakiti ya kinga ili isijizime tena, chukua amplifaya yako uondoke. Nimeletewa nyingi za namna hiyo, transista za kutolea sauti zote zimeungua.

Tumehama nyumba, spika zilezile, lakini besi imepotea. (Mombasa)

Yaelekea spika moja umeifunga kinyume. Chomoa plagi ukutani, urudishe chanya kwa chanya, hasi kwa hasi.

Naweza kufunga spika ya kawaida kwenye tundu la sabufa? (Mwanza)

Hapana. Kwa amplifaya nyingi tundu lile linatoa ishara ndogo tu, linataka sabufa yenye amplifaya yake ndani.

Spika zangu ni wati 3000 PMPO, amplifaya ni wati 100. Si itakuwa ndogo mno? (Dodoma)

Naomba tuache kununua kwa PMPO. Ni namba ya kuuzia, haina kipimo kinachoeleweka. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu halisi ya mfululizo, na kama boksi halizitaji, muuzaji anakuficha jambo. Amplifaya ndogo yenyewe haiui spika. Kinachoua twita, kispika cha sauti nyembamba, ni kuikaza amplifaya mpaka mwisho. Sauti ikianza kukwaruza, punguza saa hiyohiyo.

Nataka kutumia amplifaya ya gari ya chaneli 4 sebuleni kwa adapta ya laptop. (Kigoma)

Usithubutu. Adapta nyingi za laptop ni volti 19, amplifaya ya gari inataka 12. Tena kutoa wati 200 kwa volti 12 kunahitaji zaidi ya ampea 17, na adapta ile hutoa tatu au nne. Tafuta pawa saplai ya volti 12 yenye ampea za kutosha, waya mnene na fyuzi. Ukijumlisha gharama hizo, utaona bora ununue amplifaya ya nyumbani iliyotumika.