Lamu hadi Shela kwa miguu: uliza maji kabla ya kuuliza njia

Usiondoke saa tisa alasiri Jumamosi hiyo. Umeeleza kwamba unataka kumtembeza mama yako kutoka Ngome ya Lamu hadi kijiji cha Shela kwa njia ya ufukweni na kurudi naye magharibi, kisha ukauliza mvae viatu gani, mle wapi na kama kuna ada. Hukuuliza bahari itakuwa wapi saa hiyo, na siku uliyoichagua ni tarehe 15 ya mwezi mwandamo, yaani bamvua, wakati bahari hujaa na kupwa kupita kawaida.

Mimi niliondoka saa hiyohiyo, katika bamvua kama hiyo, nikiwa na shangazi yangu mwenye umri wa miaka 67 na kamera niliyoazima kwa rafiki. Njia yenyewe ni fupi, kama kilomita 3, na nusu yake ya kwanza ilikuwa kavu, kwa hiyo sikuona sababu ya kugeuka maji yalipoanza kugusa viatu vyetu. Tulipofika mahali ambapo kuta za nyumba zimejengwa hadi ukingoni mwa bahari, mchanga ulikuwa umekwisha kabisa: upande mmoja ukuta usio na mlango, upande wa pili mkondo wa bahari kati ya Lamu na kisiwa cha Manda unaovuta kwa nguvu, na nyuma yetu maji yaliyokwisha kuifunika njia tuliyopita. Shangazi alitembea akishika ukuta, buibui lake limelowa hadi kiunoni, akakanyaga jiwe la matumbawe lililomchana unyayo. Nilipomshika asianguke, mkoba ulizama, na ile kamera nikailipa kwa miezi mitano. Mwenye mashua aliyetuona ndiye aliyetutoa.

Aliyenituma huko alikuwa mwenyeji wa nyumba tuliyolala. Nilimwuliza njia, akanijibu kwa uchangamfu kwamba nifuate bahari tu, siwezi kupotea. Ni kweli, sikupotea. Lakini mtu aliyekulia kisiwani, anayejua siku ya bamvua kama anavyojua siku ya Ijumaa, alimtazama mwanamke mzima anayetembea polepole akafunga viatu mbele yake, na hakusema neno moja kuhusu maji. Hadi leo sijamsamehe, kwa sababu maneno manne yangetosha: ngojeni hadi kesho asubuhi.

Sasa shika hesabu hii, ambayo baadaye nilifundishwa na mvuvi mmoja kwa subira kubwa. Mwezi unapokuwa mpevu, na vilevile unapoandama, maji ya pwani yetu hujaa sana kuanzia saa kumi jioni hivi na hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya juma moja, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: maji hupwa jioni, tena ni maji mafu ambayo hayapandi kwa kiasi kilekile. Matembezi ya jioni unayoyatamani ni ya juma hilo.

Ikiwa huwezi kubadili tarehe, badili saa. Ondokeni saa tatu asubuhi maji yakiwa yanapwa, mtembee kwenye mchanga mgumu uliotoka kuachwa na bahari, mkauone msikiti wa Ijumaa wa Shela wa mwaka 1829 na mnara wake mrefu, na muwe mmerudi Lamu kufikia adhuhuri. Mama akichoka na saa hiyo ikawapita, msirudi kwa miguu hata kama ufuko mbele yenu unaonekana mpana, pandeni mashua. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, mwulize nahodha yeyote gatini maji yanapwa saa ngapi, usimwulize mwenye nyumba.