Maswali na Majibu: Mafunzo ya Kupinga Ubaguzi kwa Wanaowahudumia Wazee

Hatujawahi kupokea mzee wa LGBTQI (mwenye mapenzi ya jinsia moja au ya jinsia zote mbili, aliyebadili jinsia, au huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja). Mafunzo ni ya nini?

Swali hili linarudi kila mara na jibu halibadiliki: mmewapokea, ila hawakuwaambia. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1990, kwa hiyo mzee wa miaka 80 leo alikuwa ameshavuka 40 alipoacha kuhesabiwa mgonjwa. Ndiye huyo anayegeuzia ukutani picha ya mwenza wake kabla mhudumu hajaingia kumwogesha, na kumtaja kuwa ni binamu.

Je, saa mbili zinatosha?

Hapana.

Wahudhurie wauguzi peke yao?

Wahudhurie wote, kuanzia mlinzi wa mlangoni hadi mhudumu wa zamu ya usiku, ambaye husahauliwa ilhali ndiye anayebaki na mzee wakati hakuna mwingine. Meneja anayefungua mafunzo kwa hotuba kisha akaondoka amekwisha kuwaonyesha watumishi kwamba jambo lenyewe halina uzito.

Sisi tunawahudumia wote sawa bila kuuliza mambo yao. Kosa liko wapi?

Liko katika fomu yenu, inayouliza jina la mume au mke na kumwacha mzee achague kati ya kudanganya na kujifichua mbele ya mgeni. Liko pia bafuni, pale mhudumu anapomvua nguo mzee aliyebadili jinsia, au aliyezaliwa huntha, akashtuka na kumwita mwenzake aje aone. Mafunzo yafanyie mazoezi dakika hiyo hasa: usimwite mtu, mfunike taulo, endelea na kazi. Na mzee akikuamini akakueleza, usiandike katika faili wala usiwaambie wanawe pasipo idhini yake.

Mtumishi ambaye dini yake haikubali afanyeje?

Imani ni yake, huduma ni haki ya mzee. Nchini Australia, tangu 2013, makazi ya wazee yanayofadhiliwa na serikali kuu hayaruhusiwi kumbagua mkaazi wa LGBTQI kwa kisingizio cha dini, na sioni kwa nini mwongozo wenu uwe legevu kuliko hapo.

Wakaazi wenzake ndio wanaomtukana. Tumhamishe chumba?

Msimhamishe, maana mtakuwa mmemwadhibu aliyetukanwa. Msimamizi azungumze na mtukanaji siku hiyohiyo, tukio liandikwe, na mzee mwenyewe aulizwe faraghani anataka lifanyike nini.