Asparagasi ya barazani ikigeuka njano, chungulia chini ya udongo kabla ya kuongeza maji

Dada, nimesoma swali lako na nimezitazama picha zote tatu. Umesema asparagasi yako ina miaka minne ndani ya ndoo ileile ya lita kumi, iko barazani hapo Kinondoni, unaimwagilia asubuhi na jioni, na bado inageuka njano kuanzia katikati na kupukutisha vijani kama pumba kila ukifagia. Walionitangulia wamekushauri uongeze maji kwa sababu joto limezidi. Mimi nakuomba usiongeze hata kikombe kabla hujamaliza kusoma, maana nimeshapita hapo hapo ulipo. Mmea mmoja ulinifia kabisa, wa pili niliokoa kipande tu.

Kinachotuponza wengi ni kuufananisha mmea huu na kangaga. Kwa macho unafanana, lakini si ndugu yake. Kangaga hana maua wala mbegu, huzaliana kwa vumbi lile la kahawia lililo chini ya jani. Asparagasi hutoa maua meupe madogo yenye harufu nzuri, kisha matunda mviringo yenye mbegu ndani. Ni ndugu wa ile asparagasi ya mezani inayoliwa hotelini, ingawa hii yetu ya mapambo hailiwi. Hata vile vijani tunavyoviita majani si majani, ni vijitawi vilivyochongoka vinavyofanya kazi ya jani. Majani yenyewe yamebaki magamba madogo sana, na mengine yamegeuka vile vimiba vinavyokuchoma unapopogoa.

Na kikubwa kuliko vyote kiko chini. Aina hii yako, yenye mashina marefu yanayoning'inia, huweka viazi vidogo kwenye mizizi. Hilo ndilo tangi lake la maji. Kwao ni kusini mwa Afrika, kwenye sehemu za mawe na mchanga karibu na pwani, na viazi hivyo ndivyo vinavyoivusha kipindi cha ukame. Kwa hiyo ukiitunza kama kangaga, udongo ukawa chepechepe siku zote, unaozesha tangi.

Nilivyolijua hilo ni kwa hasara. Mwaka 2013 nilihama Tanga kuja Dar, na mama jirani aliyenilea kama mwanawe akanifungia kichaka kizima kwenye gunia nije nacho. Nikakipanda kwenye chungu kizuri cha kufinyanga ambacho hakikuwa na tundu chini, nikakimwagilia kila siku kama nilivyokuwa nikifanya kwa makangaga yangu. Mwezi wa tatu kikawa njano. Nikadhani kiu, nikaongeza maji. Siku niliyovuta shina moja likanifuata mkononi pamoja na mzizi wake, na kiazi nilichokishika kikapasuka. Ganda lilibaki kwenye vidole na ndani kulikuwa na uji wa kahawia unaonuka kama muhogo uliovundikwa. Udongo wote chini ulikuwa matope. Hakuna nilichookoa.

Nikamwambia mama yule ukweli, akanitumia kipande kingine kwa basi. Hicho nikakipanda kwenye ndoo ya plastiki iliyotobolewa vizuri, nikakimwagilia kwa adabu, na kikastawi miaka mitano mpaka wageni wakawa wanaombaomba. Mwaka wa tano, njano ileile ikarudi. Safari hii nilikuwa na hakika ni maji mengi, nikapunguza. Ikazidi. Nikaongeza maji, nikaweka na mbolea ya dukani, nusu ya kichaka ikafa. Mwishowe nilichukua msumeno wa chuma nikaipasua ndoo, kwa sababu mmea uligoma kutoka. Ndani hapakuwa na udongo wa kusema. Ilikuwa fundo moja la mizizi na viazi vyeupe, kila kimoja kama yai la njiwa, vimebanana mpaka vimechukua umbo la ndoo, hata maandishi ya kiwandani yaliyokuwa chini yalikuwa yamejichapa kwenye mizizi. Nilipolikata fundo lile katikati, ndani palikuwa pakavu kama majivu. Maji yote niliyokuwa namwaga yalikuwa yanateremka pembeni, kati ya mizizi na plastiki, na kutokea chini bila kuingia ndani.

Ukitazama kwa juu, mimea ile miwili ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kwa chini, mmoja ulizama na mwingine ulikufa kwa kiu. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu "ongeza maji" au "punguza maji" kwa kuangalia rangi tu.

Sasa rudi kwenye picha yako ya pili. Ndoo imetuna upande wa kushoto, na udongo umepanda mpaka kwenye mdomo. Udongo haukui, dada. Kinachousukuma ni viazi. Nakuomba ufanye jaribio dogo: mwaga lita moja ya maji taratibu na uangalie chini. Yakianza kutoka ndani ya sekunde chache, na karibu yote, basi hali yako ni ile ya ndoo yangu, na hata ukimwagilia mara tano kwa siku katikati patabaki pakavu. Yakikaa juu kwa muda mrefu na ndoo ni nzito, nusa pale kwenye matundu ya chini. Harufu ya uozo huwezi kuikosa.

Vyovyote itakavyokuwa, mmea huo inabidi utoke. Vaa glovu nene, maana vimiba vyake havionekani mpaka vikuingie, na utomvu wake huwasha ngozi za baadhi ya watu wanaoushika mara kwa mara. Kwanza kata mashina yote ya njano mpaka usawa wa udongo. Najua inauma, kichaka kitabaki na upara, lakini shina lililogeuka njano halirudi kijani. Kisha laza ndoo, ibinye huku unaiviringisha, na ikigoma ikate. Ndoo unapata nyingine kwa bei ndogo. Fundo ukilipata mkononi, lipasue kwa kisu cha mkate chenye meno, kuanzia juu kwenda chini, vipande viwili hadi vinne. Kila kipande kiwe na mashina mabichi, shingo yake (pale mashina yanapokutana na mizizi), na viazi kadhaa. Usijaribu kukwanyua kwa mikono, utavunja shingo na hapo ndipo machipukizi yanapotokea. Viazi vilivyooza tupa. Vilivyokatwa vikiwa vizima havina neno, wala kiazi peke yake kisicho na shingo hakichipui, hivyo usijisumbue kukipanda.

Udongo ninaotumia mimi ni sehemu mbili za udongo mweusi wa bustani, sehemu moja ya mchanga wa mto, na moja ya samadi iliyooza mpaka hainuki. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Wakati mwingine naongeza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, baada ya kuyaloweka na kuyasuuza mara mbili tatu. Chombo kipya kiwe kikubwa kidogo tu kuliko kipande unachopanda, chenye matundu, na uache nafasi ya vidole vitatu kutoka udongo mpaka mdomo, kwa sababu viazi vitapanda tena. Mwagilia mara moja mpaka maji yatoke chini, weka kivulini wiki mbili, kisha acha.

Baada ya hapo dira yako ni kidole. Kiingize mpaka pingili ya pili, ukihisi unyevu ondoka. Kwangu, mwezi wa kwanza na wa pili jua likiwa kali huwa namwagilia kama mara mbili kwa wiki. Mwezi wa sita na wa saba, mara moja baada ya siku saba hadi kumi. Masika vyungu vilivyo nje havihitaji mkono wangu. Hesabu hizo ni za baraza langu, usizichukue kama amri, kidole chako kitakupa zako.

Kuna jambo la maji yenyewe ambalo sisi wa Dar tunalisahau. Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi. Kama unaona utando mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa ndoo, na ncha za mashina zinakauka na kuwa kahawia wakati chini ni kijani, basi tatizo linatoka kwenye kisima. Mimi nakinga maji ya mvua kwenye pipa kwa ajili ya mimea, na yakiisha natumia ya bomba. Nikilazimika kutumia ya kisima, kila mwezi najitahidi kupata ndoo nzima ya maji yasiyo na chumvi nisuuze kila chungu mpaka maji yatoke chini kwa wingi.

Kuhusu jua: la asubuhi mpaka kama saa tatu au saa nne linaipendeza sana. La alasiri linalopiga kutoka magharibi huichoma, na utaiona imepauka upande mmoja tu. Ndani ya nyumba yenye giza nayo hupukutika. Ukitaka kuihamisha, ihamishe kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Wadudu sitakaa sana hapo. Kiangazi angalia utitiri: vijani hupauka kwa vidoadoa na kuna utando mwembamba kati ya mashina. Ipeleke bombani uioshe kwa maji ya nguvu, hasa kwa chini. Vidung'ata, wale weupe kama pamba, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kijiko cha chai kimoja kwa lita moja.

Mmoja hapo juu ameuliza kuhusu ile laini, inayokatwa na kubandikwa na waridi kwenye koti la bwana harusi. Hiyo ni aina nyingine, Asparagus setaceus, na ni mwenyeji wa huku kwetu, huota yenyewe katika misitu ya Afrika Mashariki na kusini. Yenyewe hukauka haraka zaidi, usiiachie ukavu kama hii. Na ile ambayo mashina yake yamesimama na kujaa pande zote kama mkia wa paka aliyeogopa inaitwa Myersii, matunzo yake ni kama ya hii yako. Hii yako kwenye vitalu wanaiita Sprengeri, kwa jina la Carl Ludwig Sprenger, Mjerumani aliyekuwa na bustani Napoli, Italia, ambaye ndiye aliyeieneza Ulaya mwishoni mwa karne ya 19.

Umeandika una mtoto wa miaka miwili na paka. Matunda yake yakiiva huwa mekundu ya kuvutia, na yakiliwa huleta kutapika na kuharisha, kwa mtoto na kwa mnyama. Mimi nayachuma yote yakiwa bado kijani. Na hayo masalia utakayotoa kwenye ndoo usiyatupe bondeni wala kwenye mtaro. Ndege hubeba mbegu mbali, na shingo yenye mizizi hushika popote. Huko Australia mmea huuhuu ulitoroka bustanini ukaingia misituni, na mwaka 2012 asparagasi za aina hii ziliwekwa kwenye orodha ya magugu mabaya ya kitaifa. Anika masalia juu ya saruji mpaka yakauke kabisa, kisha yachome.

Ukishapanda, kwa wiki tatu hivi utaona kama umeua mmea. Usiweke mbolea, usiuchimbue kuangalia. Siku moja asubuhi utakuta vichipukizi vinatoka kwenye udongo, vimenyooka na vimechongoka kama penseli, rangi ya kijani iliyopauka, bila kijitawi hata kimoja pembeni. Havitafanana na mmea unaoujua, na wengi huvikata wakidhani ni magugu. Viache. Ni teketeke mno, ukivigusa kwa ufagio tu vinakatika, hivyo weka chungu mbali na njia ya mtoto mpaka virefuke na kuanza kufunguka. Ukiipasua ndoo leta picha ya mizizi, tuone ni ule wa matope au ule wa majivu.