Fundi Anajibu: Bloku ya 3L imepasuka, ninunue ipi?

SWALI: Nina Toyota Hilux LN106 ya mwaka 1994, injini ya dizeli 3L. Ilichemka nikipandisha kutoka Kyela na magunia ya mchele, na sasa fundi anasema bloku (mwili wa injini wenye silinda) ina ufa. Muuza spea wa Mwanjelwa ana bloku ya 2L iliyotoka kwenye Hiace, na nyingine ya 5L. Anasema zote ni familia moja, yoyote itakaa. Ni kweli?
Msomaji, Mbalizi

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujafika kwenye bei, muulize fundi wako ameuonaje huo ufa. Injini ikichemka, mara nyingi hedi (kifuniko cha juu cha injini) na gasketi inayokaa kati yake na bloku ndizo zinazoumia kwanza. Maji kwenye oili hayakwambii kama kilichopasuka ni hedi au bloku. Hedi ishushwe ipimwe kwa presha, na bloku vilevile: njia za maji zinazibwa kwa bamba, inapulizwa hewa, inazamishwa kwenye maji ya moto, mapovu yanaonyesha panapovuja.

Kama kipimo hicho hakipo karibu, kuna njia ya mafuta ya taa. Sugua bloku kwa dizeli na brashi ya waya, ikauke kabisa. Paka mafuta ya taa kati ya silinda na silinda, kuzunguka matundu ya bolti za hedi na pembeni mwa vizibo vya maji (vifuniko vya matundu ya njia za maji). Acha nusu saa, futa mpaka pakauke, kisha pakaza unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatarudi juu na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Njia hii huonyesha ufa wa nje tu. Uliojificha ndani ya njia za maji hauonekani.

Sasa kuhusu maneno ya muuzaji. Ni kweli 2L, 3L na 5L ni ndugu, na kwa nje zinafanana sana. Ndani hazifanani. 2L ina silinda ya kipenyo cha milimita 92 na pistoni inasafiri milimita 92, jumla sisi (cc, ujazo wa silinda zote) 2446. 3L ni 96 kwa 96, sisi 2779. 5L ni 99.5 kwa 96, sisi 2986. Kranki yako ya 3L, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, haina kazi kwenye bloku ya 2L. Ukifunga hedi na gasketi ya 3L juu ya bloku ya 5L, ukingo wa gasketi iliyokatwa kwa silinda ya milimita 96 unaingia ndani ya silinda ya 99.5, unakaa kwenye moto na kuungua. Isitoshe, 2L za zamani, za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1980, zina hedi ya roka (mikono inayosukuma vali), mpangilio tofauti kabisa na wako.

Ushauri wetu ni tafuta 3L kwa 3L, bloku ikiwa na kranki, konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) na pistoni zake. Ukiipenda 5L, chukua injini nzima pamoja na hedi na pampu ya dizeli. Hiyo 2L iache.

Ukienda kukagua, beba rula ya chuma iliyonyooka, fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi) na tochi. Angalia namba iliyogongwa kwenye bloku, ianze na 3L; usitegemee rangi wala jina lililoandikwa kwa chaki. Weka rula kwenye uso wa juu kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Fila ya milimita 0.10 ikipita chini ya rula, uso umepinda na lazima usawazishwe, na ukisawazishwa pistoni zitachomoza zaidi. Ndiyo maana gasketi za hedi za injini hizi zinatengenezwa kwa unene tofauti: unapima pistoni inavyochomoza ndipo unanunua gasketi. Fundi anayenunua gasketi kwanza anabahatisha.

Kisha soma vichwa vya pistoni. Ukiona 050 au 100, bloku imeshachongwa kwa nusu milimita au milimita nzima. Ikifika milimita moja, imebaki kuwekwa slivu (bomba la chuma linaloingizwa ndani ya silinda). Silinda zenyewe zipimwe juu, katikati na chini, pande mbili kila mahali. Huliwa zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Kepu za beringi kuu ziwe na namba 1 hadi 5 na mishale ielekee mbele. Zilichongwa pamoja na bloku yake. Kepu ikitoka bloku nyingine, kranki inabana na metali (beringi za kranki) zinakatika.

Injini nyingi kutoka Japani zilikuwa na gia za otomatiki. Kama gari lako ni la gia za mkono, angalia mwisho wa kranki kama kuna tundu lililochongwa la beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Utahitaji beringi hiyo na flaiwili yako (gurudumu zito la mwisho wa kranki). Hata 3L ya Hiace ikipatikana, hamisha sampu yako (bakuli la oili chini ya injini) pamoja na bomba lake la kunyonyea oili. Sampu ya Hiace haikai juu ya ekseli yako ya mbele. Na bomba lisipofika chini ya sampu yako, mlimani pampu itanyonya hewa badala ya oili.

Usifunge bloku mpya kwenye rejeta ile ile iliyochemsha ya kwanza. Izibuliwe, kula ya oili (kipoza oili) ioshwe vipande vyote vya chuma vitoke, mkanda wa taimingi uwe mpya. Thamostati (vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto) irudishwe. Kuitoa ni mazoea mabaya: asubuhi ya Mbeya injini inakimbia ikiwa baridi, silinda zinaliwa na dizeli inaongezeka.

SWALI: Nimepata bloku ya bei nafuu lakini namba imesagwa. Niichukue?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Hapana. Namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha bloku unapaswa kuwa na risiti ya mauzo na kupeleka taarifa TRA (Mamlaka ya Mapato) ili kadi irekebishwe. Bloku iliyosagwa namba huwezi kuitolea maelezo, na huenda ni ya wizi.

SWALI: Gari lililala nje Kitulo mwezi wa Juni. Asubuhi vizibo viwili vya maji vimetoka na bloku inavuja ubavuni. Inachomeleka?
Msomaji, Makete

JIBU: Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na vizibo havikutoka mapema kiasi cha kuokoa bloku. Ufa wa ubavuni, kwenye ukuta wa nje wa maji, unaweza kushonwa kwa pini zenye nyuzi kama za skrubu au kuchomelewa kwa fimbo za nikeli, bloku ikiwa imepashwa moto na kuachwa ipoe taratibu. Fimbo ya kawaida ya kuchomelea mageti isiguse: chuma cha kalibu kikipoa ghafla kinakuwa kigumu na kupasuka pembeni ya weldi. Ufa ukiwa ndani ya silinda au kwenye nguzo za beringi kuu, tafuta bloku nyingine.

Baadaye weka kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta) nusu kwa nusu na maji safi. Inazuia kuganda na kutu, na inasaidia pia kwenye joto: kwenye mita 1,700 za Mbeya maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi mfuniko wa rejeta usiposhika presha. Mfuniko wenye raba iliyokatika ubadilishwe siku hiyo hiyo.