Escudo Kuukuu kwa Safari ya Kambi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua Suzuki Escudo ya mwaka 1994 kwa bei nafuu, nami nakusudia kupiga kambi nayo karibu na Ziwa Natron. Je, nianze kwa kuiinua juu zaidi ya ardhi au kwa kufunga winchi, mashine ya kulivuta gari linapokwama?

JIBU: Usianze na lolote kati ya hayo. Gari hilo limejengwa juu ya chesisi, yaani fremu imara ya chuma, na lina gia nzito ya magurudumu manne, ya kuvuta kwa nguvu kwa mwendo wa polepole, hivyo uwezo linao tayari. Kinacholiangusha ni uzee wa mipira ya rejeta, feni belti, bushi na beringi, ambavyo fundi avibadilishe kwanza. Kisha nunua matairi imara, na penye mchanga punguza upepo wa matairi hadi karibu psi 18 (psi ni kipimo cha shinikizo), mradi umebeba pampu ya kuurudisha. Hema la juu ya paa (anasa, kwa maoni yangu) litaliyumbisha gari jepesi kama hilo.