Kuiendesha Peugeot 504 kutoka Dar hadi Mwanza: iendeshe, ila usikurupuke

Mkuu, umeuliza kama hiyo 504 ya mwaka 1978 uliyoinunua Dar, iliyokaa miaka chini ya turubai, uiendeshe hadi Mwanza au uipakie kwenye lori. Wengi waliotangulia wamekwambia ipakie. Mimi nakwambia iendeshe, mradi usitoke nayo kesho asubuhi. Ya kwangu niliichukua Upanga, Dar, kwa mzee mmoja mstaafu, ikafika Nyegezi, Mwanza, kwa magurudumu yake yenyewe, na mpaka leo ninaitumia.

Kwanza toa wasiwasi wa injini. 504 ilizinduliwa 1968, ikawa gari bora la mwaka Ulaya 1969, halafu ikashinda Safari Rally 1975 ikiwa na Ove Andersson na tena 1978 ikiwa na Jean-Pierre Nicolas. Kilomita elfu moja na mia na kitu za lami si mzigo kwa chuma kile. Gari iliyolala inaangushwa na vitu vitatu: mpira uliozeeka, uchafu wa tangi na joto. Hela ya maandalizi iende huko. Rangi na vitambaa vya siti vitasubiri.

Matairi usiyaamini kwa macho. Tairi linaweza kuwa halina kipara wala ufa na bado likawa la zamani mno. Soma ubavuni, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3214 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2014. Hosi za rejeta na feni belti badilisha zote, hata kama fundi anasema bado nzima. Paipu za mpira za breki ndizo watu wanazisahau. Zikivimba kwa ndani, mafuta yanakwenda lakini hayarudi, breki inabaki imeshika na rimu inawaka moto bila wewe kujua.

Tangi lishushwe chini lisafishwe. Petroli ya miaka inaacha gundi, na tangi tupu linaota kutu. Funga filta ya plastiki inayoonyesha ndani, kabla ya pampu ya mafuta, na ubebe nyingine mbili. Hilo la filta lilinisaidia sana. Baada ya Gairo gari ilianza kukosa nguvu kwenye vilima, nikasimama, nikakuta filta imejaa vumbi jekundu la kutu. Nikabadilisha pale pale pembeni ya barabara, safari ikaendelea.

Sasa joto, na hapa naomba usome taratibu. Feni ya 504 nyingi haizunguki muda wote. Ina klachi ya sumaku: injini ikipata moto, swichi ya joto inapeleka umeme kupitia kijiti cha kaboni, sumaku inashika, feni inaanza kuvuta. Gari ikikaa sana, kijiti kinakwama au kimeshaisha, feni haishiki, na kwenye lami tambarare hutagundua kitu kwa sababu upepo wa mwendo unatosha kupoza. Utagundua mlimani, nyuma ya lori, mwendo umeshuka na mshale wa joto unapanda. Silinda hedi yake ni ya aluminiamu, ikichemka vibaya inapinda, na hapo utakuwa umenunua gari mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, acha gari iungurume imesimama mpaka ipate moto, ukiwa na fundi mbele ya boneti, mhakikishe feni inashika. Isiposhika, fundi anayeijua 504 atakukazia skrubu tatu za pale kwenye feni ili izunguke moja kwa moja na injini. Itakula mafuta kidogo zaidi na itapiga kelele, lakini utafika.

Safari yenyewe igawe. Dar hadi Morogoro, kama kilomita 190, ni jaribio. Toka alfajiri kabla ya foleni ya Kibaha, ukifika Morogoro zima, fungua boneti, angalia maji, oili, mafuta ya breki, gusa kila rimu kwa mgongo wa mkono. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, usiende mbele. Mafundi Morogoro wapo wengi, na Dar bado ni karibu. Ukishapita Dodoma mambo ni tofauti.

Baada ya Bahi na Kintinku kuna mlima wa Saranda kuelekea Manyoni. Panda asubuhi. Shusha gia mapema kabla injini haijaanza kulalamika, using'ang'anie gia kubwa. Mshale ukizidi kupanda, simama sehemu salama, acha injini iungurume ipoe, na mfuniko wa rejeta usiuguse kabisa.

Baada ya Singida unakuja Sekenke, na huu unaushuka. Hapa tatizo ni breki. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka, pedali inazama mpaka chini na gari haisimami. Mimi niliyamwaga yote Dar na kujaza mapya, kisha Sekenke nikashuka kwa gia ya pili, mguu unagusa breki kwa vipindi, malori yanapiga honi nyuma yangu. Waache wapige. Wakipata nafasi watakupita.

Kuanzia Shelui, Igunga hadi Nzega ni tambarare, na ndiko utakakoifurahia. Ile gari inaelea, mashimo ya barabarani unayasikia kwa mbali tu. Lakini usitembee usiku. Taa zake ni za zamani, na huko ng'ombe, punda na mikokoteni havina taa kabisa. Lala Singida hata kama jua bado lipo. Vijijini mwendo wa 50 ni 50, tochi za polisi za kupima mwendo zipo.

Makaratasi: mkataba wa mauziano, kadi ya gari, bima hai. Kila askari atakusimamisha, wengi wao wanataka tu kuiangalia na kukusimulia kwamba baba yake au mjomba wake aliwahi kuwa nayo. Kuwa mpole, fungua boneti, waonyeshe.

Beba platini na kondensa za mfumo wa kuwasha injini, feni belti, filta, lita kumi za maji na waya. Spea hizo Dar bado zinapatikana kwa kutafuta, Mwanza ni shida zaidi, kwa hiyo nunua za ziada ukiwa Dar.

Kabla hujatoka, weka hapa namba za matairi yako na picha ya feni kwa mbele. Tuliowahi kuzimiliki tupo, tutakuangalizia.